Neva ya ulna imekatwa kiwikoni, mbona vidole bado vinatanuka?

Mkuu, pole kwa mdogo wako. Umeandika kwamba bati limemkata upande wa ndani wa kiwiko, kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete vimekufa ganzi, ila vidole anavitanua, basi nyumbani mkaona neva ya ulna, ile inayopita hapo kiwikoni kwenda kidole kidogo, imenusurika. Msiridhike bado. Kazi yangu ni kupima neva, na mikono ya aina hii huwa inaletwa.

Kuna watu, takriban 1 kati ya 5, ambao baadhi ya nyuzi za neva ya mediani, ile inayopita katikati ya mkono, huchepuka kwenye kigasha na kujiunga na ulna chini ya kiwiko. Ndiyo mchepuko wa Martin-Gruber: Martin aliueleza 1763, Gruber akauchambua 1870. Nyuzi hizo karibu zote ni za kuendesha misuli, za hisia hazimo. Ulna ikikatwa kiwikoni, ganzi inakuwepo kama kawaida, lakini misuli midogo ya kiganja inayotanua vidole bado inapata amri kupitia mediani. Angekatwa kwenye kifundo cha mkono, mchepuko usingemfaa kitu.

Mpimeni upya. Kutanua vidole hewani kunadanganya, kwa sababu misuli ya kunyoosha vidole nayo huvitanua. Alaze kiganja mezani, asukume kidole cha shahada kuelekea dole gumba huku unakizuia, nawe ushike nyama iliyo kati ya vidole hivyo uone kama inakaza. Kisha akunje ncha ya kidole kidogo, kazi ya ulna ambayo kwa kawaida mchepuko hauisaidii. La kwanza akiliweza na hili likamshinda, mimi nitashuku mchepuko kabla ya kusema neva ni nzima.

Mashine ya kupima neva kwa umeme huonyesha wazi: tukichochea mediani kiwikoni msuli ule wa shahada unajibu, tukiichochea kifundoni haujibu. Mpimaji asiyeukumbuka mchepuko huvurugwa hata na mkono mzima, maana ulna hutoa jibu kubwa kifundoni na dogo kiwikoni. Nimewahi kusoma ripoti iliyoandika "neva imeziba" kwa mtu asiye na tatizo lolote.

Kipimo kifanyike baada ya siku 10 hivi. Kabla ya hapo kipande cha chini cha neva iliyokatwa kinaweza kuendelea kupitisha umeme. Lakini kama kidonda bado hakijashonwa, msisubiri mashine: mwombeni daktari wa upasuaji aitazame neva kwa macho anaposafisha. Neva hukua kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi kidole kidogo ni mwaka au zaidi.