Kabla ya chuo, nenda kusini kwa ndugu zako; Zanzibar utaikuta

Mdogo wangu, nimesoma ulichoandika mpaka mwisho, ukiuliza uende wapi kabla ya chuo. Umerudi JKT, chuo kinafunguliwa mwishoni mwa Oktoba, una laki mbili na nusu mkononi, marafiki zako wa Tabata wanataka mwende Zanzibar wiki nzima, na mama anasema utulie nyumbani usubiri chuo. Waliotangulia kukujibu wamekutajia fukwe na gesti za bei nafuu. Mimi nimeshika ile sentensi uliyoipitisha harakaharaka: kwamba kwa baba yako ni Lindi, na hujafika huko tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni.

Nenda huko. Na usiende kusalimia na kugeuza. Kaa mpaka waache kukutengea kiti cha mgeni, mpaka shangazi akutume dukani kama anavyowatuma wanawe.

Nasema hivyo kwa sababu najua kinachokuja. Ukishaingia chuo, likizo haitakuwa yako. Likizo ndefu ya mwaka wa kwanza kozi nyingi zinakupeleka fildi, ya mwaka wa pili vilevile, na ukimaliza ni bahasha za kaki na kuzunguka maofisini. Zanzibar ni kama saa mbili kwa boti kutoka bandarini. Utakwenda Ijumaa bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka, na Jumatatu uko darasani. Wiki kadhaa kwa bibi yako, bila mtu kukudai ripoti wala jaribio, sioni utazipata lini tena, na umri wa bibi haungoji mtu.

Mimi upande wa mama kwetu ni Newala, mkoani Mtwara. Nilikwenda kabla ya kuanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, katika nafasi hiyohiyo uliyo nayo wewe sasa, kwa hiyo njia naijua.

Panda basi la alfajiri na uombe kiti cha dirishani. Mabasi mengi ya kusini yanaanzia Mbezi, kituo cha Magufuli, na yanapitia Mbagala. Ukikata tiketi uliza utapandia wapi. La usiku achana nalo hata kama nauli ni pungufu, kwanza kwa usalama wako, pili kwa sababu barabara hii ina mengi ya kuona. Ukishapita Ikwiriri utavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, karibu kilomita nzima, lililofunguliwa 2003. Kabla yake kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na maji ya masika yakijaa kusini ilikuwa imekatika na nchi. Mama yangu anapolizungumzia lile daraja anabadilika sauti, maana alisoma sekondari Dar na kuna likizo alizobaki mabwenini kwa sababu kwao hakufikiki. Hata leo mvua zina nguvu huko: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya kusini kiling'oa madaraja na barabara ikafunga. Wewe unakwenda kiangazi, hilo lisikutishe.

Mbele kidogo ni Somanga, ambako gesi ya Songosongo inatokea baharini na kushika bomba kwenda Dar. Tangu 2004 gesi hiyo inazalisha sehemu ya umeme mnaotumia huko Tabata. Nilipopita nilikuwa sijui hata inatoka mkoa gani, na nilikuwa nimemaliza kidato cha sita.

Sasa Kilwa. Hapa naomba ulale usiku mmoja, hata kama shangazi anakusubiri Lindi. Unashuka Nangurukuru, unapanda gari dogo mpaka Kilwa Masoko, unatafuta gesti kungali mchana. Asubuhi unapita kwanza ofisi ya serikali kuchukua kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mgeni, chukua kitambulisho. Kisha unashuka bandarini kuulizia mashua inayobeba wenyeji, kwa sababu kukodi chombo peke yako ni ghali. Vaa viatu vya kuvulika. Nilipofika mimi maji yalikuwa yametoka, tukashukia kwenye tope laini na gauni limekunjwa magotini, akina mama wa Kisiwani wamebeba ndoo na mafuta ya taa vichwani wakinionyesha pa kukanyaga.

Shuleni tulikariri Kilwa kama jibu la swali la mtihani: biashara ya dhahabu ya Sofala, basi. Pale inakuwa kitu kingine. Msikiti Mkuu una safu za nguzo na kuba ambazo nyingine zimesimama mpaka leo, na zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Ukisogeza uso karibu na ukuta unaviona vile vitundu vya matumbawe, umbo la nyota nyota, kama yalivyokuwa baharini. Niliviwekea kidole kimoja kimoja. Mtu aliyekata jiwe lile alilitoa majini likiwa bado laini na bichi, maana likikauka linakuwa gumu kuchonga. Mzee aliyenitembeza ndiye aliyenieleza, na babu zake walikuwa waashi.

Ukitembea zaidi unafika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya genge linalotazama bahari. Kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Huyo sultani ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na msafiri yule, aliyekuwa ameshaiona miji mingi, aliuandika huu kuwa miongoni mwa miji mizuri zaidi. Sarafu za shaba zilizopigwa Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje. UNESCO imeitambua Kilwa Kisiwani pamoja na magofu ya Songo Mnara kuwa urithi wa dunia tangu 1981. Wewe baba yako ametoka mkoa huo. Wanafunzi wenzako wengi chuoni watakuwa wanaijua Dubai kwa picha na hii hawajaiona. Nisingependa uwe mmoja wao.

Lindi mjini sitakueleza sana, maana ndiko kwenu na ndugu zako watakutembeza. Waulize tu kuhusu Tendaguru, ndani ya mkoa huo, ambako Wajerumani kati ya 1909 na 1913 walifukua mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin. Mizigo yote ile ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, kutoka porini mpaka bandari ya Lindi. Wazee wa huko bado wanayo habari hiyo.

Kilichonifaa zaidi kuliko yote kilikuwa kule kukaa. Nilipofika Newala, mjomba alinipokea vizuri, nikapewa kuku, nikapewa chumba. Siku za mwanzo kila nikishika ufagio binamu zangu wananinyang'anya. Baadaye korosho zikaanza kudondoka, nyumba nzima ikahamia shambani, na hapo hakuna aliyekuwa na muda wa kunibembeleza. Nilipewa ndoo. Unaokota bibo, lile tunda la mkorosho, lililodondoka, unalishika kwa mkono mmoja, unainyonga korosho kwa mkono wa pili mpaka inyofoke bila kubaki na nyama, maana nyama ikibaki korosho inaoza gunia zima. Maji ya bibo yakiingia kwenye nguo hayatoki, kwa hiyo beba gauni la kuharibu. Saa nne jua limekolea, mnakaa chini ya mkorosho mnakula ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, bibi anasimulia, na humo katikati ya masimulizi ndimo nilimojua mama yangu alikuwa mtoto wa namna gani.

Maji nayo. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, mandhari ya bonde la Ruvuma kutoka pale ukingoni ni ya kukusimamisha, lakini juu huko mito hakuna. Bibi alikua akiteremka genge kuchota maji bondeni na kupanda nayo. Mpaka nilipokwenda mimi bado kila nyumba ilikuwa na tangi la kukinga mvua, na mtu aliyemwaga maji ya kunawa bila kuyatumia mara ya pili anaangaliwa. Niliporudi Dar sikufungua tena bomba kwa mazoea.

Mjomba alinichukua siku ya mnada. Wakulima wanapeleka korosho chama cha msingi, yaani ushirika wao wa kijijini, zinapimwa, zinapangwa madaraja, mkulima anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu. Ndio mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza 2007. Siku hizi zabuni zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Wakati wangu zilikuwa bahasha kwenye sanduku, zinafunguliwa mbele ya wakulima na kusomwa kwa sauti. Bei ya kwanza ilisomwa, uwanja ukanyamaza, mzee mmoja akasimama akasema hapana, na wote wakaondoka na stakabadhi zao mifukoni wakangoje mnada unaofuata. Mjomba alikuwa na karo ya wanawe inasubiri hela ile. Alitembea nami mpaka nyumbani akinihesabia gharama ya salfa aliyopuliza kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, palizi, na vibarua, mpaka nikaelewa kwa nini walikataa. Mwaka wa pili mhadhiri wa uchumi alipofika kwenye soko la mazao, darasa zima lilikuwa linaandika. Mimi nilikuwa na maswali ya kumuuliza, na aliyapenda.

Kwenu huenda ni uvuvi, huenda ni ufuta, huenda shangazi ana genge sokoni. Chochote wanachofanya, kifanye nao.

Kuhusu mama. Anachoogopa ni binti yake kuzunguka peke yake, na hofu hiyo ina haki yake. Usimwombe ruhusa ya kusafiri. Mwombe ampigie shangazi yako au bibi aseme kwamba mtoto anakuja. Wakishazungumza wenyewe kwa wenyewe, shangazi ndiye atakayesukuma, na mama ataona aibu kumkatalia mtoto asiende kwa babaye. Mwambie kondakta mapema unashukia wapi, kaa karibu na mama mtu mzima, na fika kabla jua halijazama. Kilwa mwambie shangazi akutafutie mwenyeji. Watu wa pwani ile wanajuana.

Hela yako inatosha. Nauli ya kwenda na kurudi, gesti ya usiku mmoja Masoko, kibali na mashua, vyote vinaingia humo na inabaki. Mchukulie bibi doti ya khanga, na shangazi sukari na majani ya chai. Nunua Kariakoo kabla ya kuondoka. Nauli ya kurudi mwachie mama akutumie kwa simu siku ikifika, kwa sababu ukiwa kijijini kuna mtoto atakosa daftari na moyo wako hautavumilia.

Makaratasi yamalize kwanza. Kama umeomba mkopo, ingia kwenye akaunti yako ya Bodi ya Mikopo (HESLB) uhakikishe hakuna kilichorudishwa kurekebishwa, hasa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA na sahihi za mdhamini. Kama umechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu, na muda wake ni mfupi. Kwa hiyo laini uliyoandika kwenye maombi isikae Dar na mdogo wako. Iende na wewe, iwe na salio, na kama kijijini mtandao unasuasua, jua mapema ni mti gani au kilima gani watu wanakwenda kupigia simu. Nakala za vyeti na picha za pasipoti ziache kwa mama kwenye bahasha moja, chuo kikihitaji kitu ghafla aweze kukipeleka.

Panga kurudi wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, si siku mbili. Usajili wa mwaka wa kwanza una foleni, hosteli zinagombewa, na basi la kusini linaweza kuharibika Nangurukuru mkalala. Nikijua ndugu zako wako wilaya ipi, kama ni Lindi mjini, Nachingwea, Ruangwa au Liwale, nitakueleza unashukia wapi na unaunganisha gari gani, maana kutoka Lindi mjini kwenda Liwale ni safari nyingine kabisa.