Pete ya Chuma na Kodi ya Ukapera: Maswali Yenu Kuhusu Italia ya Mussolini

Safu iliyopita ilieleza jinsi Benito Mussolini alivyopewa uwaziri mkuu Oktoba 1922. Barua nyingi zilizofuata zinauliza jambo moja: mtu wa kawaida aliishije? Nimechagua sita.

Mwalimu, shikamoo. Hivi kila raia alilazimishwa kujiunga na chama? (Tanga)

Marahaba. Mwanzoni hapana. Vyama vingine vilipigwa marufuku 1926, na kuanzia 1933 kadi ya chama cha kifashisti, yaani chama cha Mussolini, ikawa sharti la kuajiriwa serikalini. Karani mwenye watoto angefanyaje? Waitaliano wenyewe walizitania herufi za chama, PNF (Partito Nazionale Fascista), wakisema kirefu chake ni "per necessità familiare", yaani kwa shida za nyumbani. Wasomi nao hawakuonyesha ushujaa mkubwa. Mwaka 1931 maprofesa wa vyuo vikuu walitakiwa kula kiapo cha utii, na kati ya watu kama 1,200, waliokataa hawakufika hata 20. Mpinzani wa wazi angeweza kuhamishiwa kwa nguvu visiwani, Lipari au Ponza, bila kesi kusikilizwa mahakamani.

Ni kweli makapera walitozwa kodi? (Mombasa)

Kweli kabisa, tangu 1927, wanaume wa miaka 25 hadi 65. Mapadri walisamehewa. Mussolini alitaka taifa la watu milioni 40 lifike milioni 60, kwani jeshi linahitaji vijana. Wenye watoto wengi walipewa nafuu na zawadi, na mwaka 1938 likatolewa agizo la kupunguza wanawake maofisini wasizidi asilimia 10. Pamoja na hayo yote, kiwango cha uzazi kiliendelea kushuka.

Nimesoma kwamba wanawake walitoa pete zao za ndoa. Walinyang'anywa? (Morogoro)

Hawakunyang'anywa, na hapo ndipo penye ujanja. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Mwezi uliofuata Shirikisho la Mataifa likaiwekea vikwazo. Serikali ikatangaza tarehe 18 Desemba kuwa siku ya kutoa dhahabu kwa taifa, na ikaiita Giornata della fede. Neno fede kwa Kiitaliano ni imani, na pia ni pete ya ndoa. Malkia Elena alitangulia kuweka yake pale Roma, wanawake wakafuata kwa foleni. Kila aliyetoa alirudi nyumbani na pete ya chuma.

Kwa maoni yangu, dhahabu yenyewe haikuwa shabaha kubwa. Pete ya chuma ilionekana sokoni, kanisani, kisimani. Asiye nayo alijulikana na jirani zake bila askari kugonga mlango. Walikuwapo walionunua pete ya bei rahisi wakaitoa hiyo, ile ya harusi wakaificha.

Jikoni nako kulibadilika. Chai ya Waingereza ilisusiwa, watu wakahimizwa kunywa karkadè, ambayo ni choya yetu hii hii, iliyotoka Eritrea. Kahawa ikachanganywa na shayiri ya kukaanga. Kikatengenezwa hata kitambaa cha kuigiza sufu kutokana na maziwa, kikaitwa lanital.

Je, ni kweli kama isemwavyo kwamba chini ya Mussolini treni zilifika kwa wakati? (Kisumu)

Baadhi, hasa zile za masafa marefu walizopanda watalii. Matengenezo ya reli yalikuwa yameanza kabla ya Mussolini. Na gazeti gani lingethubutu kuandika kwamba treni imechelewa?

Kwa nini waligombana na lugha? (Unguja)

Hebu fikiria serikali ikuambie kuanzia kesho usimwamkie mzee kwa shikamoo. Waitaliano humheshimu mtu kwa kumwita Lei. Mwaka 1938 chama kikadai neno hilo lina harufu ya utumwa, watu waitane Voi, yaani "ninyi". Jarida la wanawake lililoitwa Lei, yaani "yeye" wa kike tu, likabidi libadili jina liwe Annabella. Inachekesha, lakini mwaka huo huo zilitungwa sheria za ubaguzi, na watoto wa Kiyahudi wakafukuzwa katika shule za serikali.

Kanisa dogo la Mai Mahiu, hapa Kenya, lina uhusiano gani na haya? (Nakuru)

Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara ya kuteremka bonde la ufa. Walitekwa baada ya majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), kuwashinda Waitaliano huko Somalia na Ethiopia. Chukua mateka wa miaka 24 pale mtelemkoni. Mwaka 1926, serikali ya Mussolini ilipoanzisha jumuiya ya watoto iliyoitwa Balilla, alikuwa na miaka 8, umri uleule wa kuvalishwa shati jeusi, sare ya wafashisti, na kufundishwa gwaride kwa bunduki ya mbao.