Andiko letu ni zuri, mbona kampuni hazitujibu?

SWALI: Mimi ni mratibu wa asasi ndogo inayofundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Tumepeleka maandiko ya mradi kwenye kampuni kadhaa na nyingi hazijajibu kabisa. Moja ilijibu, lakini kabla hata ya kutuuliza tunamfundisha nani, ikataka katiba, hesabu zilizokaguliwa na majina ya wajumbe wa bodi pamoja na kazi zao. Mwisho tukaambiwa "hamuendani na vipaumbele vyetu". Kampuni huchaguaje asasi za kushirikiana nazo? Na bodi yetu inawahusu nini?

JIBU: Ndugu mratibu, nianze na hilo la bodi, maana ndilo lililokuudhi na ndilo linalofungua mengine.

Mwaka 2004, SEC, tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa na dhamana, iliishtaki kampuni ya dawa ya Schering-Plough. Tawi lake la Poland lilikuwa limetoa kama dola 76,000 kwa taasisi ya hisani iliyokuwa ikikarabati majumba ya kale. Taasisi yenyewe ilikuwa halali, na kazi yake ilionekana kwa macho. Kasoro ni kwamba rais wa taasisi hiyo alikuwa pia mkurugenzi wa mfuko wa afya wa serikali katika eneo lile, mfuko wenye sauti katika ununuzi wa dawa. Kampuni ikalipa faini ya dola 500,000, na jina lake likaingia kwenye kesi za rushwa kwa sababu ya msaada wa kukarabati ngome.

Kwa hiyo mwanasheria wa kampuni akiomba majina ya bodi yenu, anatafuta mtu wa namna hiyo: ofisa wa serikali anayetoa leseni au zabuni, ndugu wa mkurugenzi, mwanasiasa anayegombea. Hajakushuku wewe binafsi. Anafanya vivyo hivyo kwa kila anayeomba, na mara nyingi huanza hapo kwa sababu kupekua majina ni kazi ya saa chache, ilhali kupima mradi ni kazi ya wiki.

Hapa ndipo waombaji wengi wanapokosea hesabu. Wanadhani uchaguzi ni mashindano ya mradi bora. Kwa miaka niliyokaa kwenye kamati za ufadhili, nimeona kwamba swali la kwanza mezani huwa "Hawa wanaweza kutuletea balaa gani?", na ubora wa mradi hujadiliwa kwa wale tu waliovuka swali hilo. Ukiniuliza kama ni haki, nitasema si haki sana, maana asasi kongwe yenye mhasibu wa kudumu huvuka kwa urahisi hata kama kazi yake imepoa. Lakini ndivyo ilivyo.

Na mambo yanayowaangusha watu kwenye chujio hilo ni madogo mno. Jina kwenye cheti cha usajili halilingani na jina la akaunti ya benki. Taarifa ya mwaka haijapelekwa kwa msajili. Ripoti ya mkaguzi haina saini. Nakumbuka asasi moja iliyokuwa na mradi mzuri kuliko yote tuliyoletewa mwaka ule, wa kuwafundisha mafundi vijana kutunza vitabu vya biashara. Mjumbe mmoja akafungua fomu ya benki, akaona watia saini wawili wa akaunti wana jina moja la ukoo. Walikuwa mume na mke. Hakuna aliyesema wanaiba. Ila saini mbili huwekwa ili mtu mmoja asiweze kutoa fedha peke yake, na ulinzi huo unapungua nguvu watia saini wakiwa wa nyumba moja. Faili likafungwa, na kwa bahati mbaya hakuna aliyewaandikia kuwaeleza kwa nini. Kuongeza mtia saini wa tatu kungetosha.

Sasa "vipaumbele". Wakati mwingine neno hili ni adabu tu ya kukataa. Mara nyingi lakini lina maana halisi: kampuni huchagua mada mbili tatu, zikapitishwa na bodi yake, na ofisa anayepokea andiko lako hana mamlaka ya kutoka nje yake. Mada hizo kwa kawaida zina uhusiano na biashara. Benki hupenda elimu ya fedha, kampuni ya vinywaji hupenda maji, kampuni ya simu hupenda stadi za kidijitali. Kazi yenu inagusa angalau mbili kati ya hizo. Mtu mzima aliyejifunza kuhesabu anaweza kusoma taarifa ya akaunti na kugundua amekatwa ada isiyo halali. Ukiandika hivyo kwa benki, ofisa ana sentensi ya kupeleka kwenye kamati. Ukiandika tu kwamba kusoma ni haki ya kila binadamu, umesema kweli, ila umemwacha mikono mitupu. Usivuke mpaka, hata hivyo: ukianza kubuni mafunzo ya kompyuta ambayo hamjawahi kuyatoa ili mradi tu yafanane na mada, mtaumbuka kwenye ripoti ya kwanza.

Angalia pia unagonga mlango upi. Fedha za kampuni haziko mfuko mmoja. Kuna fungu la hisani, ambalo mara nyingi huwa chini ya taasisi tofauti yenye masharti yake ya kodi. Kuna fungu la masoko, linalotaka nembo ionekane na wateja waongezeke. American Express, kampuni ya kadi za malipo ya Marekani, mwaka 1983 ilitoa senti moja kila kadi yake ilipotumika, kuchangia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru ya New York. Zilipatikana dola milioni 1.7, na matumizi ya kadi yakapanda. Hayo yalikuwa masoko, na hakuna ubaya. Lakini andiko la kuomba msaada likitua kwenye meza ya mtu wa masoko, haoni cha kufanya nalo. Halafu kuna rasilimali watu, wanaotafuta mahali pa wafanyakazi kujitolea, na huo mlango wengi hawaugongi. Asasi ya kufundisha watu wazima ina nafasi nyingi za wa kujitolea. Wafanyakazi wakishawafahamu, mna watu ndani ya kampuni wa kuwatetea, na hakuna kiambatisho kinachofanya kazi hiyo.

Kuhusu kiasi: usiombe fedha inayozidi sana bajeti yenu ya mwaka. Kampuni haipendi kuwa mfadhili pekee, kwa sababu siku ikiondoka itasemwa kwamba imeua asasi. Gharama za uendeshaji ziandike wazi, mshahara wa mhasibu ukiwemo. Kuzificha chini ya "usafiri" ni ujanja ambao kila mkaguzi anaujua.

Nanyi pia mchague. Mwaka 2010 taasisi ya Susan G. Komen, inayopambana na saratani ya matiti, iliungana na KFC, kampuni ya migahawa ya kuku wa kukaanga, kuuza kuku kwenye ndoo za rangi ya waridi, taasisi ikichangiwa senti 50 kwa kila ndoo. Fedha ziliingia, lakini taasisi ilishambuliwa vikali kwa kushirikisha jina lake na vyakula vya kukaanga. Kampuni ya mikopo yenye riba kali ikitaka nembo yake kwenye madaftari ya wanafunzi wenu, ambao ndio kwanza wanajifunza kuhesabu riba, fikirini mara mbili.

Kwa hiyo kampuni iliyowajibu, mwandikieni ofisa yuleyule barua pepe fupi. Muulizeni mambo mawili tu: kama faili lilikwama kwenye nyaraka au kwenye mada, na bajeti ya mwaka ujao hupangwa mwezi gani. La pili maofisa hulijibu bila shida. Andiko jipya lifike miezi miwili mitatu kabla ya mwezi huo, kwa sababu likifika baada ya bajeti kupitishwa, hata anayewapenda hana fungu la kuwapa.