Mkono umekufa ganzi, lakini sikuanguka: je, hiyo ni ajali mbele ya Mahakama ya Fidia ya Nebraska?

SWALI: Ndugu wakili, salamu. Mimi ni Mkongo, ninaishi Grand Island, Nebraska, na huu ni mwaka wa nne nakata nyama kwa kisu kwenye laini ya kiwanda cha nyama. Tangu Machi mkono wa kulia unakufa ganzi kila usiku na vidole vinawaka kama nimeshika pilipili. Mwezi wa tano nilishindwa kabisa kushika kisu, nikakaa nyumbani siku tisa, na daktari akasema neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Msimamizi ananiambia sina cha kudai kwa sababu sikupata ajali: sikuanguka wala sikukatwa. Nimepewa pia karatasi ya Kiingereza inayohusu daktari, nitie sahihi. Je, mahakama itanisikiliza? Na nikidai, sitafukuzwa?

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa maumivu. Nianze na neno lenyewe, kwa sababu naamini ndilo linalowanyima watu wetu haki zao kuliko kitu kingine chochote. Kwetu ajali ni basi kupinduka au mtu kuporomoka kutoka juu ya ngazi, yaani jambo la dakika moja ambalo kila aliyekuwapo atalikumbuka. Sheria ya fidia ya Nebraska nayo inasema kwamba jeraha liwe limetokea ghafla na kwa nguvu, na msimamizi wako pengine anayashika maneno hayo kama yalivyo. Mahakama Kuu ya jimbo, hata hivyo, imekwisha kueleza katika hukumu zake kwamba sharti hilo linatimia pia kwa majeraha yanayojengeka polepole kutokana na kazi ya kurudiarudia, mradi ipo siku inayoweza kutajwa ambapo jeraha lilimlazimisha mfanyakazi kusimama kazi na kutafuta matibabu. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya ajali.

Kwako wewe, basi, ajali haikuwa mwezi wa tatu ganzi ilipoanza, wala haiko katika ile miaka minne ya kushika kisu. Ni siku ile ya mwezi wa tano uliposhindwa kufanya kazi ukaenda kwa daktari. Si lazima mtu awe ameacha kazi moja kwa moja. Inatosha kwamba alisimama kwa kipindi chenye maana, na siku tisa ulizokaa nyumbani zinakupa hoja nzuri. Andika tarehe hiyo leo, uiweke pamoja na cheti cha daktari na stakabadhi ya malipo inayoonyesha siku ambazo hukulipwa. Muda wa kufungua shauri ni miaka 2 tangu siku ya ajali, au tangu malipo ya mwisho ya fidia ikiwa mwajiri alianza kulipa. Taarifa kwa mwajiri nayo inatakiwa mapema iwezekanavyo. Kama ulimweleza msimamizi kwa mdomo tu, mwandikie sasa maneno mawili matatu yenye tarehe, ubaki na nakala.

Jambo la pili, ambalo ndilo hasa huamua mashauri ya namna hii, ni maneno ya daktari. Jeraha lisiloonekana kwa macho halithibitishwi na mgonjwa mwenyewe. Linahitaji maoni ya mtaalamu anayesema kwa uhakika wa kitabibu kwamba kazi ndiyo iliyosababisha. Daktari akiandika “huenda” au “inawezekana”, mahakama haiwezi kujenga hukumu juu ya hayo. Niliwahi kumhudumia mama mmoja ambaye cheti chake kilikuwa na neno “maumivu” na hakuna zaidi. Nikamwomba anionyeshe anavyofanya kazi. Akachukua kalamu ya mezani kama kisu, akakunja kifundo kwa ndani, akavuta, akageuza, akarudia, na alipofika mara ya ishirini hivi kalamu ikamponyoka. Tulirudi kwa daktari, akaonyesha vile vile, akataja saa za zamu na mwendo wa laini. Barua iliyotoka safari hiyo ilikuwa na sababu ndani yake. Nawe fanya hivyo. Barua yenye sahihi ya daktari hupokelewa kama ushahidi, kwa hiyo mara nyingi yeye mwenyewe halazimiki kufika.

Kuhusu karatasi uliyopewa, sijaiona, lakini kwa maelezo yako inafanana na ile inayoitwa Fomu 50, ya kuchagua daktari. Nebraska inakuruhusu kumchagua daktari aliyekwisha kukutibu wewe au mtu wa karibu wa familia yako kabla ya jeraha, ikiwa kumbukumbu zake zipo. Usipomchagua, mwajiri ndiye atakayechagua, na baada ya hapo kubadilisha kunahitaji makubaliano au amri ya mahakama. Ikiwa mwajiri hakukueleza haki hiyo baada ya jeraha, au akikataa kabisa kwamba jeraha ni la kazi, uwanja wa kuchagua unakuwa mpana zaidi. Usitie sahihi kabla ya kusomewa kila mstari na mtu anayejua Kiingereza vizuri na asiyelipwa na kiwanda.

Fedha huhesabiwa hivi. Ukiwa huwezi kufanya kazi unalipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wako wa wiki, ndani ya kiwango cha juu kinachowekwa kila mwaka. Mwenye wastani wa dola 900 hupata 600. Siku 7 za kwanza hazilipwi isipokuwa ulemavu ukifikia wiki 6, kwa hiyo siku zako tisa zinakupa mbili tu kwa sasa. Matibabu yanayostahili hulipwa na mwajiri, pamoja na gharama ya safari ya kwenda kwa daktari. Mkono ukibaki na upungufu wa kudumu, sheria huuhesabia mkono mzima, yaani kiganja hadi kifundo, malipo ya wiki 175, nawe hulipwa sehemu yake kulingana na upungufu. Upungufu wa asilimia 10, kwa mfano huo wa mshahara, ni wiki 17.5, yaani dola 10,500. Ukiletewa hundi ndogo ili kesi ifungwe, kumbuka kwamba makubaliano ya mfanyakazi asiye na wakili lazima yaidhinishwe na mahakama.

Mahakama yenyewe ni ya fidia peke yake, ina majaji 7, na jaji mmoja ndiye husikiliza na kuamua bila jopo la wananchi wa kuamua kesi (jury). Hutakiwi kuthibitisha kosa la mwajiri. Kabla ya kufika huko unaweza kuomba usuluhishi wa mahakama, ambao hautozwi ada. Mkalimani wa Kiswahili aombwe mapema, na taja wazi kwamba Kiswahili chako ni cha Kongo. Nimeona shahidi na mkalimani wakipotezana kwa neno moja tu la kiungo cha mwili. Usimpeleke mwanao akutafsirie.

Kufukuzwa kwa sababu ya kudai fidia ni kinyume cha sheria Nebraska. Mahakama Kuu ya jimbo ilikubali mwaka 2003 kwamba aliyefukuzwa hivyo anaweza kumshtaki mwajiri, ingawa shauri hilo hufunguliwa katika mahakama ya kawaida. Hukumu hiyo haikukingi na kufukuzwa kwa sababu nyingine, hivyo piga simu kiwandani kila siku unaposhindwa kwenda kazini, na vikwazo alivyokuwekea daktari vifuate ukiwa kiwandani na ukiwa nyumbani.