Pango limeingia, lako ni ngapi?

Ndugu uliyeuliza, una nyumba tatu za kupangisha pale Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, na kila mwisho wa mwezi hujui uchukue ngapi ya kula nyumbani. Mimi napangisha Kampemba, na mara moja moja nanunua lupango (kiwanja) na kuuza. Jilipe kiasi kilekile kila mwezi, kidogo kuliko unavyotamani, na hicho ukiite mshahara.

Garanti, ile feza mpangaji anayoweka akiingia, usiiguse. Sheria ya 2015 inasema isizidi miezi 3 kwa nyumba ya kuishi, lakini hata ukipewa mitatu tu, ni feza ya mpangaji iliyolala kwako. Wenye nyumba wengi hapa Lubumbashi wanaijengea chumba kingine, halafu mtu akihama wanamwambia asubiri mpaka mpangaji mpya apatikane. Ugomvi wote unaousikia langoni unaanzia hapo.

Pango nalo naligawa siku ileile, kabla wajomba hawajasikia. Kwanza kodi ya serikali juu ya pango, 22%: mpangaji akiwa kampuni anakukatia 20% na wewe unamalizia 2%, mpangaji asipokukatia, yote iko juu yako. Halafu kwa kila nyumba natenga pango la miezi miwili kwa mwaka, mmoja wa mafundi na mmoja wa nyumba kukaa tupu. Mvua za Novemba zikianza, fosi (shimo la choo) inajaa na bati linavuja wiki ileile, na hakuna fundi wa kukukopesha. Mshahara wangu unatoka baada ya hayo. Kinachozidi nakiacha mpaka Desemba.

Lupango ni habari nyingine. Avansi, malipo ya kwanza ya mnunuzi, siyo faida. Nangoja mnunuzi amalize kulipa, natoa bei niliyonunulia, jometa (mpimaji), komisioneri (dalali) na kodi, kisha nachukua theluthi ya kinachobaki. Zingine zinatafuta lupango ingine.

Wanaokusukuma ufungue SARL, yaani kampuni iliyoandikishwa, hawakosei, ila tangu siku hiyo pango ni la kampuni. Utajilipa mshahara wa meneja, na gawio la faida mara hesabu za mwaka zikishapitishwa, nalo linakatwa kodi. Ukizoea kuchota kasha la kampuni kama mfuko wako, sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao nchi yetu iliingia 2012, zinakuhesabia kosa la jinai. Kwa nyumba tatu za Katuba, mimi ningebaki na daftari na akaunti mbili.