Kodi ya nyumba na kazi ambayo hujaipata

Maswali ya Wasomaji: Maisha ya Ughaibuni

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi, kama ilivyo kila mwaka majira ya visa yakifika. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya wengi.

*Dada, shikamoo. Nimepata udahili wa shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison, Marekani, naanza Septemba. Mfadhili analipa ada tu, kula na kulala ni juu yangu. Hesabu yangu ni hii: nikifika natafuta kazi ya muda wiki ya kwanza, mshahara unalipa chumba. Nimeshapata chumba mtandaoni, karibu kabisa na chuo, bei poa. Mwenye nyumba yuko nje ya nchi kikazi, anataka nitume dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza asije akampa mtu mwingine, funguo atazituma kwa posta. Nitume? Mwanafunzi mtarajiwa, Iringa.*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Usitume hata senti. Mwenye nyumba hayupo, ana haraka, bei yake iko chini ya majirani zake wote, na funguo zinakuja kwa posta! Hapo hakuna nyumba, au nyumba ipo ila si yake. Picha amezitoa kwenye tangazo la mtu mwingine. Ukitaka kujiridhisha, mwombe anwani kamili, kisha fungua tovuti ya mthamini wa mali wa Jiji la Madison, andika namba ya nyumba na jina la mtaa. Jina la mmiliki litatokea, bure. Na kwa chumba kingine chochote utakachokiona ukiwa bado Iringa, sharti lako liwe simu ya video, mtu akiwa ndani: afungue bomba la jikoni, akuonyeshe choo, kisha atoke nje akuonyeshe namba iliyobandikwa mlangoni. Mwenye chumba kweli hatachukia. Anayetoa visingizio, achana naye.

Sasa twende kwenye hesabu yako, maana ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Wewe utaingia kwa visa ya F-1, yaani visa ya mwanafunzi. Visa hiyo inakuruhusu kufanya kazi ndani ya kampasi tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati muhula unaendelea. Likizo unaweza kufanya muda kamili. Saa hizo ni jumla ya kazi zako zote, na hazikopeshwi. Ukifanya 25 wiki hii ukasema wiki ijayo utafanya 15, umeshavunja sheria. Chukua kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapanda tangu 2009 na ndicho kinachotumika Wisconsin. Mara saa 20 ni dola 145 kwa wiki. Wiki nne ni dola 580, kabla ya makato. Kazi nyingi za kampasi zinalipa zaidi ya hapo, sikatai, lakini hesabu ya maskini hufanywa kwa kiwango cha chini. Kwa dola 580 hupati chumba cha peke yako karibu na chuo Madison ukabaki na pesa ya kula.

Halafu kuna mpangilio wenyewe. Mwajiri atakudai namba ya hifadhi ya jamii, na hiyo namba huombi mpaka uwe umepata kazi. Kwa hiyo unaanza kwa kutafuta kazi. Ukiipata, mwajiri anakuandikia barua, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa nayo inaandika yake, ndipo unakwenda nazo ofisi ya Social Security. Tena wanashauri usubiri angalau siku 10 tangu uingie nchini, ili taarifa zako ziwe zimefika kwenye mitambo yao. Weka na mzunguko wa malipo wa wiki mbili. Kodi ya Septemba itakuwa imeshadaiwa zamani, na ya Oktoba iko mlangoni.

Ndiyo maana ile I-20 yako, hati ya chuo unayoombea visa, inaonyesha kwamba una fedha za kujikimu mwaka wa kwanza. Najua nyumbani watu huiona kama karatasi ya kumridhisha afisa wa ubalozi: anakopwa mjomba, benki inagonga muhuri, pesa inarudi kwa mwenyewe. Hizo pesa, mdogo wangu, ndizo utakazokula. Kama hazipo, mwandikie mfadhili wako sasa hivi, kabla ya kukata tiketi, na uiandikie idara yako ukaulizie nafasi za msaidizi wa kufundisha au wa utafiti. Hapo ndipo ilipo nafuu ya kweli kwa mtu wa uzamili: posho ya kila mwezi, na mara nyingi ada inasamehewa, ambapo pengine mfadhili ataweza kuhamishia fungu lake kwenye kujikimu. Usiishie idara yako tu. Madison wanafundisha Kiswahili, kiko chini ya idara ya African Cultural Studies. Msemaji mzuri anayejua kueleza ngeli kwa uvumilivu si mtu wa kudharauliwa. Ila kumbuka, saa za usaidizi nazo zimo ndani ya zile 20.

Ukikosa hizo, kuna bwalo, maktaba, ukumbi wa mazoezi, dawati la mapokezi la mabweni. Mimi nilianzia kwenye mashine ya kuosha vyombo ya bwalo. Mvuke unakupiga usoni, trei zinakuja bila kukoma, na mikono inanuka sabuni mpaka kitandani. Lakini zamu ilikuwa na mlo, na mlo huo ulikuwa sehemu kubwa ya mshahara. Uliza hilo unapoomba kazi: zamu ina chakula? Watu wanakimbilia kazi ya maktaba kwa sababu unasoma umekaa, wanasahau kwamba maktaba haikulishi. Na ukiona tangazo limeandikwa "work-study", lipite. Huo ni mpango wa msaada wa serikali, na mwenye F-1 hahusiki nao.

Nyumba sasa. Madison ina kalenda yake. Mikataba mingi ya nyumba za wanafunzi inaisha tarehe 14 Agosti na mipya inaanza tarehe 15. Siku hizo mji mzima unahama kwa wakati mmoja: makochi, meza, taa na mashelfu yanawekwa kando ya barabara, anayetaka achukue, wenyewe wanaiita Krismasi ya mahipi. Ukiwahi, jipatie meza na kiti. Godoro liache hapo hapo, hata likionekana jipya, kunguni hawana adabu. Kwa upande wako maana ya kalenda hiyo ni kwamba ukifika mwisho wa Agosti vyumba vizuri vimeshapata watu, wengi wao walisaini tangu mwaka uliopita. Hivyo wewe tafuta mabaki: chumba kimoja kilichobaki kwenye nyumba ya watu wanne, au mtu anayekwenda kusoma nje muhula mmoja na anataka wa kumshikia nafasi. Omba pia nyumba za chuo zenyewe za Eagle Heights, kando ya ziwa Mendota, ambazo ni za wanafunzi wa uzamili na wenye familia. Foleni ipo, kwa hiyo jiandikishe leo. Na usizidharau nyumba za ushirika, ambako watu wanapika kwa zamu na kugawana usafi. Madison zipo za miaka mingi, na kodi yake huwa na unafuu.

Huku hutaambiwa ulipe miezi sita mbele kama tulivyozoea kwetu. Unalipa mwezi kwa mwezi, ila sahihi yako inakufunga miezi 12, hata kama Mei unarudi nyumbani. Na ukisaini mkataba mmoja na wenzako watatu, mara nyingi mnawajibika wote kwa yote: mmoja akitoroka Januari, mwenye nyumba ana haki ya kulidai fungu lake kwenu mliobaki. Ulizia mkataba wa kila mtu kwa chumba chake.

Swali ambalo mtu wa Iringa anadhani analijua kwa sababu kwao kuna baridi: joto analipa nani? Kuna kodi yenye joto ndani na kuna kodi isiyo nalo. Zile nyumba za mbao za zamani karibu na kampasi zinapendeza kwa macho, lakini upepo unapita kwenye fremu za madirisha, na bili ya Januari inaweza kula tofauti yote uliyodhani umeokoa. Mwombe mpangaji anayeondoka akuonyeshe bili yake ya Januari, iwe kwenye simu tu. Usikubali ya Septemba.

Ukishaingia, Wisconsin inakupa siku saba za kukagua na kumwandikia mwenye nyumba kila kilichokuwa kimeharibika kabla yako. Piga picha kila kitu, mpaka ndani ya oveni. Ukiondoka ana siku 21 za kukurudishia dipoziti au kukuandikia amekata nini na kwa nini.

*Dada mpendwa, nasoma Bloomington, Indiana, mwaka wa kwanza. Kuna ndugu yetu mmoja ana duka, anataka nimsaidie Jumamosi, atanilipa mkononi, hakuna karatasi. Tena wasichana wananiomba niwasuke chumbani kwangu, wananipa dola kidogo. Kuna ubaya? Msusi.*

Upo, mpenzi. La duka ni wazi: liko nje ya kampasi, na mwaka wa kwanza hauruhusiwi. Kutokuwepo karatasi hakukulindi wewe, kunamlinda yeye. Siku mkikosana, au siku mtu akimripoti, yeye atatozwa faini na kuendelea na duka lake. Wewe hadhi yako ya mwanafunzi imevunjika na huenda ukapanda ndege.

La kusuka najua litakuuma. Tunasuka toka utotoni, barazani, mtu akikupa chochote unashukuru. Lakini kusuka kwa malipo ni kazi, hata kama kiti ni cha chumbani kwako na mteja ni jirani yako wa bweni. Vivyo hivyo kuendesha gari kwa programu za teksi na kupeleka vyakula. Msuke rafiki yako kwa urafiki, akusaidie hesabu za takwimu naye kwa urafiki, lakini usiweke bei na usitangaze kwenye Instagram. Nimeona tangazo lako, umeweka na picha. Lifute.

Baada ya mwaka mmoja wa masomo milango miwili inafunguka. Mmoja ni mafunzo kazini yanayohusiana na fani yako, ambayo ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ndiyo inayoyaidhinisha. Mwingine ni kibali cha shida kubwa ya kiuchumi isiyotarajiwa, kwa mfano mfadhili akifariki au thamani ya fedha ya kwenu ikiporomoka. Hicho unaomba serikalini na unasubiri kiwe mkononi kabla ya kugusa kazi. Kwa sasa nenda bwaloni. Na ukianza kulipwa, tazama hati ya mshahara: kwa kawaida mwanafunzi wa F-1 hakatwi ile asilimia 7.65 ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare (bima ya afya ya wazee) katika miaka mitano ya kalenda ya mwanzo. Wahasibu wa kampasi hukosea mara kwa mara. Ukiona imekatwa, dai.

*Dada, mimi nakwenda Ithaca, New York. Mwenye nyumba anasema kwa kuwa sina historia ya mikopo Marekani, nilipe dipoziti ya miezi mitatu, pamoja na dola 75 za kushughulikia maombi. Ni halali? Baba Karimu, Tanga.*

Si halali, Baba Karimu. Jimbo la New York tangu 2019 haliruhusu dipoziti zaidi ya kodi ya mwezi mmoja, na ada ya kukagua taarifa za mwombaji haivuki dola 20. Kukosa historia ya mikopo si kigezo cha kuipandisha. Mjibu kwa upole na kwa maandishi ukiitaja sheria hiyo, umwambatishie barua ya posho ya chuo na taarifa ya benki. Anaweza kukuomba mdhamini, hilo ni haki yake. Akiendelea kung'ang'ania miezi mitatu, tafuta nyumba nyingine, maana mtu anayeanza hivyo hatakurudishia dipoziti ukiondoka. Wanaokwenda majimbo mengine wasiichukue hii kama kanuni ya nchi nzima: Michigan ukomo ni mwezi mmoja na nusu, na Wisconsin niliyoieleza hapo juu haina ukomo kabisa.

*Mke wangu anakuja na F-2, visa ya mwenza wa mwanafunzi. Tumepanga alee watoto wa majirani, pesa hiyo isaidie kodi. Dada unasemaje? Mume mwenye mipango.*

Nasema badilisheni mipango, shemeji. F-2 hairuhusu kazi ya malipo ya aina yoyote, na kulea watoto wa watu kwa pesa ni kazi. Anaruhusiwa kusoma kwa muda usio kamili, na kujitolea kule ambako kila mtu hujitolea bila malipo. Kama ufadhili wako unaweza kupitia J-1, visa ya programu za kubadilishana, badala ya F-1, yeye atapata J-2, ambayo inamruhusu kuomba kibali cha kazi, ingawa kipato chake hakitakiwi kuwa ndicho kinachokuweka wewe shuleni. Waulize chuo hilo kabla hawajakutolea karatasi za visa; kubadilisha mkiwa mmeshafika ni kazi ndefu. Na katika kutafuta nyumba, mwandikie mwenye nyumba kwamba mko wawili. Jina la mkeo liwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.