Maswali yenu: mawimbi, tausi na mlima kwenye simu

Kaka, bahari ikichafuka mi huenda ukutani kuangalia mawimbi, nasikia raha kweli. Siku yamenikuta ndani ya boti nikalia kama mtoto. Si mawimbi yaleyale?

Yaleyale ndugu yangu, kilichobadilika ni ulipokaa. Kuna jamaa wa Dublin kule Ireland, mwandishi Edmund Burke, mwaka 1757 alitoa kitabu hajafika hata miaka 30, akasema kitu cha kutisha kikikubana kinauma tu basi, ila kikikaa mbali kidogo ukajua hakikupati, kinaleta raha ya aina yake, na sio raha ya kula embe, ni ile ya mtu aliyenusurika, moyo bado unadunda huku unashuka. Na alikuwa anajua anachosema, maana enzi za uanafunzi mto Liffey wa hapo Dublin ulifurika maji yakazingira nyumba yao, wenzake sijui walikuwa wanahamisha nini, yeye kakaa anamwandikia rafiki yake barua kwamba mandhari kama hii inamjaza mawazo makubwa!

Sasa hiyo si ndo uzuri tu jamani?

Hapana, Burke anakataa. Uzuri kwake ni vitu vidogo, laini, visivyo na kona kona. Hicho kingine, mi nakiita adhama, ni ukubwa, giza, ukimya, vitu usivyoviona mwisho wake. Tena waliosema uzuri ni vipimo kulingana aliwaambia waangalie tausi, mkia umepita shingo na mwili vikiunganishwa na bado tunaduwaa. Alipoharibu ni pale aliposema uzuri wa mwanamke unategemea sana udhaifu wake, mwandishi Mwingereza Mary Wollstonecraft akamchana vizuri tu mwaka 1790 na mi niko upande wa huyo mama. By the way, neno letu haiba limetoka kwenye Kiarabu na kule asili yake ni kicho, hofu ya heshima, huku kwetu limelainika likawa mvuto, yaani neno moja limehama chumba, kutoka cha adhama kwenda cha uzuri.

Mbona ajali ikitokea watu wanajaa, hawana roho?

Wanayo. Burke anasema weka tamthilia ya huzuni bora kuliko zote, waigizaji wakali, halafu tangaza kwamba nje uwanjani mkubwa fulani ananyongwa sasa hivi, ukumbi unabaki mtupu. Kwake hiyo ndo huruma yenyewe, ingekuwa inauma tu tungekimbia na majeruhi angekosa wa kumbeba.

Adhama iko mlimani au kichwani mwangu?

Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani (1790), anasema kichwani: mwili unajiona mdogo, halafu akili inagundua kuna kitu ndani yako mlima hauwezi kukiponda. Safi, ila huyu mzee maisha yake yote hakwenda mbali na Königsberg, mji aliozaliwa, milima mirefu kaisoma vitabuni, kwa hiyo mi nabaki na Burke anayeanza na magoti kutetemeka.

Nimepiga picha Kilimanjaro kwa simu, mbona haina ule mshtuko?

Umeuweka mlima kiganjani bana, kitu kidogo, laini, kinang'aa, yaani umeutoa kwenye adhama ukautia kwenye uzuri. Itume tu kwenye grupu, watasema nzuri, na watakuwa sahihi.